Mawe Tuliyoyabeba Mbugani

Sogea karibu, wewe unayesoma, nikueleze taratibu. Pale ambapo hujaelewa usione haya kurudia. Nimefundisha watu wazima kusoma na kuandika kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na najua mtu huelewa jambo gumu akielezwa kipande kwa kipande. Nitakueleza jinsi ndege ya jeshi letu wenyewe ilivyoanguka kijijini kwetu, ndani kidogo kutoka barabara kuu ya Issuna, wakati wa vita ya Kagera. Haikupigwa na adui. Adui hakuwahi kufika Singida.

Kwanza uijue mbuga. Kwetu ni nchi ya mawe. Yako makubwa kupita nyumba, yamepandana kama mtu aliyapanga kisha akaondoka. Kila mji, yaani kila kaya, una jiwe lake la kuanikia uwele. Lakini chini ya kijiji kuna mbuga, uwanda mrefu wa udongo mweusi. Mvua zikinyesha ni tope la kumeza ng'ombe mpaka tumboni. Zikikatika, udongo hukauka ukawa mgumu kama sakafu. Zamani pale hapakuwa na mti wala jiwe, ni nyasi tu.

Kaka yangu Yakobo alikulia kwenye mbuga ile akichunga ng'ombe wa baba. Baba alifariki mapema, kwa hiyo mchungaji alikuwa Yakobo, na mimi Ana nilikuwa wa kumpelekea uji. Alipomaliza shule alichukuliwa jeshini, akafundishwa ufundi wa injini za ndege.

Mwaka mmoja kabla ya vita alikuja likizo. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Mama alikuwa juu ya jiwe letu akipepeta uwele. Baba mdogo Ntandu, mdogo wake baba, alikuwa amekaa kivulini na kata ya pombe ya mtama. Yakobo alitaka kutueleza namna ndege inavyoshuka.

"Mama, nipe huo ungo nikuonyeshe."

"Ungo una uwele wangu. Onyesha kwa mikono."

Akaonyesha kwa mikono. Akasema watu hudhani hatari ya ndege ni kule juu. Kule juu hakuna cha kugonga. Hatari ni kukosa pa kushukia. Injini ikizima, rubani hutafuta kwa macho mahali pagumu, parefu, pasipo mti wala jiwe.

"Hata hapa kwetu inaweza kushuka?" baba mdogo aliuliza.

"Hapa hasa! Ile yetu ndogo ya mizigo inashuka pale mbugani bila wasiwasi. Nimechunga pale tangu nina kaptula moja, baba. Hakuna hata jiwe." Akamgeukia mama. "Siku nikipita juu tutatikisa mabawa, hivi. Mjue ni mimi. Uchinje jogoo."

"Ukishuka pale ng'ombe wangu wakakimbia," mama alisema, "utawafuata mwenyewe kwa miguu mpaka Mgori."

Tulicheka sana. Kwa siku kadhaa vijana wakikutana na Yakobo njiani walinyoosha mikono na kuitikisa kama mabawa. Kisha likizo ikaisha, akarudi kambini.

Vita ilitufikia kwa redio ya ofisi ya kijiji. Baadaye ikaja kwa maagizo. Taa za magari zipakwe rangi. Moto usiwake nje usiku. Ndege ikisikika, kila mtu alale kifudifudi. Vijana waliokuwa na nguvu waliondoka kwenda mstari wa mbele, na waliobaki, wanaume kwa wanawake, tukawa mgambo tukifanya mazoezi kwa fimbo badala ya bunduki. Baba mdogo Ntandu aliwahi kuwa askari ujanani, hivyo akawa kamanda wetu.

Agizo lililofuata lilisema kila mahali pa wazi ambapo ndege ya adui ingeweza kutua pazibwe. Sijui lilianzia kwa nani. Sisi lilitufikia kwa mdomo, na kwa mdomo halikuwa na sehemu ya pili, ile ambayo ingesema marubani wetu waambiwe ni wapi pamezibwa.

Baba mdogo aliitisha mkutano.

"Ndugu wananchi, vijiji vingine vinakisia. Sisi hatukisii. Tulishaambiwa na mtaalamu. Si Yakobo wetu alisema mwenyewe, ndege itashuka pale mbugani bila wasiwasi?"

"Alisema!" watu wakaitika.

"Basi pale ndipo adui atashuka."

Watu wakapiga makofi wakimtazama mama. Mama aliinamisha kichwa kama mtu anayeona haya, lakini mimi nilikuwa pembeni yake. Alikuwa anatabasamu.

Kila balozi wa nyumba kumi alipewa sehemu yake ya mbuga. Wanaume waling'oa mawe makubwa kwa mitaimbo, wakayaburuta kwa maksai. Wanawake tulibeba yaliyobebeka kichwani, juu ya ngata, tukiimba. Mama alichagua mazito. Ukimwambia apumzike alijibu, "Hii ni kazi ya mwanangu." Tulipanga mistari, jiwe na nafasi, jiwe na nafasi, kama tunavyopanda mtama, maana hatukujua mpango mwingine. Mvua zilichelewa mwaka ule na nyasi zilikuwa ndefu, za rangi ya majivu. Ukisimama ukingoni hukuyaona mawe. Tulijisifu kwa hilo.

Ninapofundisha huwa nauliza wanafunzi wangu, "Mpaka hapa, nani amekosea?" Nawe jiulize. Usiharakishe jibu.

Ilikuja alasiri. Mama na mimi tulikuwa shambani kando ya mbuga, tukikata visiki kungoja mvua. Ng'ombe wetu walikuwa upande wa pili.

Tulisikia muungurumo, tukalala kifudifudi kama tulivyofundishwa. Muungurumo ulikatika. Ukarudi. Ukakatika tena, kama mtu anayekohoa.

Nikainua uso. Ilikuwa ndege ndogo, chini sana, na moshi mweusi ukiifuata.

"Lala chini!" baba mdogo alipiga kelele kutoka kwenye miti ya ukingoni, alikokuwa na mgambo wake. "Adui huyo! Lala!"

Ndege ikazunguka juu ya kijiji. Ilipofika usawa wa jiwe letu la kuanikia, ikatikisa mabawa. Kushoto. Kulia. Kushoto.

Mama alisimama.

"Yakobo," alisema. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayehesabu watoto wake wakirudi jioni.

Kisha akakimbia.

Alikimbilia katikati ya mbuga. Akavua kanga mabegani, ile yake ya bluu iliyopauka, akaipunga kwa mikono yote miwili. "Rudi juu! Rudi juu! Mawe!" Nilimfuata nikijikwaa. Yeye hakujikwaa, aliijua mistari.

Injini ilinyamaza kabisa.

Ndege ilishuka bila sauti. Ilishuka vizuri. Magurudumu yaligusa nyasi.

Jiwe la kwanza lilikata gurudumu. La pili sijui lilikata nini. Ndege ililala upande, bawa likajichimbia, ikabiringika.

Watu walishangilia.

Naomba ulielewe hilo bila kuwachukia. Kutoka kwenye miti wao waliona ndege ya adui imenaswa na mtego wao. Walitoka mbio na marungu na mikuki. Mtu wa kwanza kutambaa nje alikuwa rubani, kijana mweupe-mweupe wa pwani, ametapakaa damu. Baadaye nilijua anaitwa Haji. Hakuna aliyewahi kumwona.

"Mimi mwenzenu!" alisema. "Mimi Mtanzania!"

"Wote husema hivyo," alijibu mtu mmoja.

"Balozi wako wa nyumba kumi nani?" akauliza mwingine. "Mtanzania gani hana balozi? Mtaje!"

"Nakaa kambini. Kambini hatuna..."

Rungu likamvunja mkono. La pili likamwangukia mgongoni. Alilia akimwita mama yake, kwa Kiswahili safi cha pwani, na mtu akasema, "Mnasikia? Wamefundishwa vizuri."

Mama alipita katikati yao bila kuwatazama. Aliingiza mikono kwenye bati lililochanika na kumshika mtu mabegani.

"Ntandu," alimwita shemeji yake kwa jina lake tupu, jambo ambalo hakuwahi kufanya. "Njoo unisaidie kumtoa mtoto wako."

Marungu yaliwekwa chini moja baada ya lingine.

Ilibidi wanaume wainue bawa kwa mitaimbo ileile. Yakobo alikuwa hai. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa na mwili wa kuutazama. Baba mdogo alivua shati akamfunika, akabaki amepiga magoti, akitamka neno moja, "Baba, baba, baba," kama sisi tunavyomwita mtoto wa kiume tunayempenda.

Yakobo alimtazama mama.

"Ng'ombe wamekimbia?" aliuliza.

"Hawajakimbia," mama alisema. "Wametulia. Wanakula."

Si kweli. Walikuwa wametawanyika mbuga nzima.

Tulimlaza juu ya kitanda cha kamba, wanaume wakakibeba kuelekea barabarani, tupate lori la kumpeleka hospitali. Rubani alibebwa nyuma yake kwenye machela ya magunia, na wabebaji wake walikuwa walewale waliompiga. Kabla hatujaiona barabara mama alisema, "Shusheni." Wakadhani amechoka. Alimfumba macho Yakobo kwa kiganja, akasema, "Huyo mwingine mwahini."

Lori la mahindi lililotoka Mkiwa lilimchukua Haji hadi mjini.

Wanajeshi walikuja, wakachukua injini na vipande walivyovitaka. Ofisa wao alikuwa mtu mpole. Alimpa mama pole, akasema mwanawe amekufa vitani, na kwamba si vizuri mambo haya kusemwa-semwa wakati vita inaendelea. Tukamzika Yakobo nyuma ya jiwe letu.

Matanga hayajaisha, baba mdogo aliamuru mawe yaliyosogezwa na ndege yarudishwe mahali pake.

Mama alikwenda kuyaondoa. Baba mdogo akamfuata, nami nyuma yao.

"Shemeji, hii ni amri," alisema. "Vita haijaisha. Ukiyaondoa watasema unamsaidia adui. Watanikamata mimi, watakukamata na wewe."

"Amri imeshakula mmoja hapa nyumbani. Bado ina njaa?"

"Si mimi niliyeitoa."

"Najua."

Baba mdogo alimnyang'anya jiwe mikononi, akalirudisha kwenye mstari. Alilia akifanya hivyo. Lakini alilirudisha.

Mama alikuwa na jogoo mmoja mwekundu. Alimchinja, akamkaanga, akamfunga kwenye bakuli kwa kitambaa. "Mpelekee yule kijana hospitali," aliniambia. "Mwambie ni wa Yakobo. Na umuulize kama waliniona."

Haji alikuwa kitandani, mkono umefungwa kwenye ubao. Aliponiona alijikunyata, tangu siku ile alikuwa akiogopa watu wa kwetu. Nilimsalimu, nikamfungulia bakuli, nikamlisha kwa mkono wangu kama mgonjwa wa nyumbani. Baada ya vipande vichache akaanza kusema.

Alinieleza kuwa ndege yao ilikuwa imeshapita muda wa kufunguliwa na kukaguliwa. Yakobo mwenyewe aliisemea, akaambiwa isubiri, kwa sababu kule mbele walihitajika watu na vipuri bila kusubiri. Haji alisema wakati wa amani ndege ikikohoa hubaki chini, lakini wakati wa vita husemwa itakohoa njiani. Kisha ikakohoa njiani. Uwanja wa Singida mjini hawakuweza kuufikia.

"Nilitaka kujaribu barabara," alisema. "Ilikuwa na malori. Yakobo akaniambia, shuka kwetu, pale hakuna hata jiwe. Tukazunguka. Niliziona zile nyasi ndefu nikasita. Nilitaka nirudie barabara hivyohivyo. Ndipo tukamwona mama mmoja katikati ya uwanja, anapunga kanga. Yakobo akacheka, dada. Injini inakufa, yeye anacheka. Akasema, mama yule, anatukaribisha. Ndipo nikashusha."

"Alikuwa anawazuia," nilisema.

Alisukuma bakuli kando kwa mkono mzima.

"Kutoka kule juu," alisema, "anayekuzuia na anayekukaribisha ni mtu mmoja."

Nilirudi nyumbani jioni. Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe letu, hana kazi mkononi. Sikuwahi kumwona bila kazi mkononi.

"Waliniona?"

"Hawakukuona, mama. Anasema moshi ulikuwa mwingi."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Nilidhani nimempunguzia mzigo.

Siku ya soko alikwenda Issuna akanunua kanga nyekundu, nyekundu ya damu, yeye ambaye hakupenda rangi kali. Akaanza kuivaa kila anapokwenda upande wa mbuga. Nilipomuuliza alijibu kama mtu anayemweleza mtoto jambo lililo wazi: "Ile ya bluu ilikuwa imepauka. Ningekuwa na nyekundu wangeniona. Wangerudi juu." Aliamini hivyo mpaka alipokufa, mzee sana, na kanga nyekundu ya mwisho ikiwa imekunjwa chini ya mto. Kwa miaka yote ile alikuwa akimuua mwanawe kwa rangi ya nguo, na mimi ndiye niliyempa sababu. Kama ningemwambia kweli, angemuua kwa mkono uliopunga. Nimepima mizigo hiyo miwili mara nyingi. Sijaona uliokuwa mwepesi.

Habari ya ndege ilisafiri, na ilivyosafiri ilibadilika. Ilipofika vijiji vya mbali ilikuwa ndege ya adui, iliyoangushwa na wananchi wa Issuna kwa mawe matupu. Vijana wakaitungia wimbo. Mama aliusikia arusini, wenye nyumba wakimshika mikono acheze. Hakuondoka. Alikaa mpaka ukaisha, akaomba maji.

Baba mdogo Ntandu alisifiwa mkutanoni kwa utayari wa kijiji chake. Alisimama akasifiwa. Alitoka pale moja kwa moja akaja kwetu, akakaa mlangoni mpaka mama akamletea chakula. Aliendelea kuja hivyo miaka na miaka. Mama hakumnyima ugali hata siku moja, wala hakumwita tena kwa jina lake tupu. Mbuga hawakuitaja.

Baadaye nilikutana na askari wastaafu, mmoja hapa, mmoja pale, nikawauliza kama ninavyouliza wanafunzi. Walinieleza kwamba katika jeshi lolote la anga, ndege nyingi humalizwa na vitu ambavyo si adui: ukaguzi ulioahirishwa, ukungu, uchovu, mzinga wa wenzao waliokuwa na hofu, uwanja ambao hakuna aliyeuliza hali yake. Mmoja alisema usalama si ushujaa. Ni mtu kumwambia mwenzake jambo dogo kabla halijawa kubwa. Nilimkubali. Sisi tulikuwa mashujaa, tukafanya kazi yetu vizuri, tena kwa wimbo.

Vita iliisha. Watu walicheza barabarani. Amri ya kuyaweka mawe ilikuwa imekuja. Ya kuyaondoa haikuja. Mama aliianza kazi hiyo peke yake. Kila alipotoka shambani alibeba jiwe moja kichwani, akaliweka ukingoni, akaenda zake. Yale ya kuburutwa na maksai hakuyaweza. Alipokufa nikaendelea mimi, na sasa magoti yangu hayataki. Siku hizi vijana wa bodaboda hukatiza pale kwenda kwenye mashamba ya alizeti, na kila msimu mmoja wao huanguka. Nyasi bado ni ndefu, nao hawajui mawe yametoka wapi. Wanadhani ni ya Mungu.

Si ya Mungu. Basi ukipita njia hiyo, ukakuta jiwe katikati ya mbuga, simama. Inama, liinue kwa nguvu za miguu usiumize mgongo, lipeleke mpaka ukingoni, liweke chini. Kama ni zito kukushinda, mwite mtu mwingine mshikane.